Ramani ya Marafiki Niliyoibandika Ukutani

Mwalimu Bhoke, aliyepokea kipindi changu pale Bunda, aliniomba orodha. "Madamu, niandikie tu karatasi moja," alisema. "Zana za saikolojia, unavyozitengenezaga na unavyozitumia, nisije nikaanza na sifuri." Nikakaa mezani hapa nyumbani Nyakato, Musoma, nikaandika: moja, sinia, mbili, kioo, tatu, glasi. Nilipofika ya nne kalamu ikagoma. Zana ya nne ina habari yake, na haiingii kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo Bhoke, na ninyi vijana wengine mtakaosoma, mniwie radhi. Mliomba orodha, nawaandikia miaka.

Kazi niliianza katika shule moja ya bweni upande wa Butiama. Nilikuwa binti wa mjini, mtoto wa fundi seremala, nimevaa hijabu iliyopigwa pasi na viatu ambavyo vile vijiwe vya njia ya shule vilivimaliza ndani ya mwezi mmoja. Nilipewa biolojia. Shule ilikuwa na hadubini moja, imefungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati aliondoka nao mwalimu aliyehamishwa mwaka uliopita. Kwa hiyo siku ya kwanza nilichora seli ubaoni, kubwa kama ungo, nikaanza kueleza. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. Nikafurahi, nikadhani ni swali la seli.

"Madamu, huko Musoma mnakulaga samaki kila siku?"

Nikasema ndiyo. Darasa zima likaguna kwa wivu. Ndivyo nilivyofahamiana na watoto wa wafugaji.

Aliyenishika mkono pale ni Mzee Magesa. Alifundisha historia, alikuwa Mkatoliki wa palepale, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya uwanja wa shule, na ng'ombe wake wanne na kuku wasiohesabika. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa miaka kumi na sita, na kila asubuhi aliitikia kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana. Siku ya tatu alinikuta nimekaa ofisini nimeinamisha kichwa.

"Zuhura, mwanangu, kumetokea nini?"

"Mwalimu, sina zana. Nitafundishaje bila zana?"

Akatoka nje, akarudi na ini la kuku kwenye bakuli, bado la moto. "Si ulisema wiki hii ni viungo vya mwili? Haya. Ukimaliza lirudishe, ni mboga yangu."

Nililirudisha. Alilikaanga.

Miaka ilipita nikifundisha hivyo, kwa vitu vya kuazima. Kisha siku moja mkuu wa shule alirudi kutoka semina mjini Musoma akiwa na wazo. Watoto wa kidato cha tano na cha sita, alisema, wanakwenda vyuoni kusomea ualimu, uuguzi na ustawi wa jamii, na huko wanakutana na saikolojia bila kuijua hata kwa jina. Tuwape kipindi kimoja kwa wiki, Alhamisi saa nane mchana, nje ya ratiba ya mitihani. Akatutazama walimu wote, akasimama kwangu.

"Mwalimu Zuhura. Saikolojia ni mambo ya ubongo. Ubongo uko kwenye biolojia. Kwa hiyo ni yako."

Hakuna aliyepinga, hasa wale ambao wangeweza kupewa wao.

Mtaala haukuwepo. Kitabu kilikuwa kimoja, cha Kiingereza, kimeng'oka jalada, nilipewa na rafiki aliyesoma chuo. Mifano yake yote ilikuwa ya panya wanaofundishwa kubonyeza vitufe ndani ya masanduku. Alhamisi ya kwanza niliwasomea. Kijana mmoja akauliza kwa heshima kabisa, "Madamu, panya anafundishwa? Sisi kwetu tunamtegeaga sumu." Nikafunga kitabu. Nikaelewa kwamba kila zana itabidi niitoe hapahapa.

Sinia ndiyo ilikuwa ya kwanza. Unaweka vitu ishirini, unafunika kwa khanga, unafunua kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini, unafunika tena, wanaandika wanachokumbuka. Ushauri wangu: weka kijiko, wembe, limao, kifungo, vitu vya kawaida kumi na tisa, halafu weka kimoja kisichofanana na vingine. Mimi nilikuwa naweka kiatu kimoja cha mtoto mchanga. Hakuna aliyewahi kukisahau. Hapo ndipo unaanza somo: kwa nini wote mmekikumbuka kiatu?

Kioo nilitengenezewa na baba, Mungu amrehemu. Nilimweleza ninachotaka: ubao mdogo wa kuzuia macho, mwanafunzi apitishe mkono chini yake asiuone, mbele kisimame kioo, na akitazama kwenye kioo afuatishe mchoro wa nyota kwa penseli. Baba aliupiga randa ubao, akausugua msasa, kisha akajaribu mwenyewe. Fundi aliyekata milango ya nusu ya mtaa wetu alishindwa kuzungusha pembe moja ya nyota. Aliweka penseli chini akasema, "Kumbe mkono wangu ulikuwa unanidanganya miaka yote hii." Darasani ilikuwa vilevile. Anayeongoza kwenye mitihani anatokwa jasho, na yule wa mkiani anamaliza nyota taratibu, anaangalia huku na huku asiamini. Tumia kioo cha saluni, si kile cha mfukoni, na kingo zake uzizungushie gundi ya karatasi zisikate watu.

Glasi nilizichukulia jikoni kwangu. Moja ndefu nyembamba, moja fupi pana, maji yaleyale. Tuliwaita watoto wa darasa la awali wa shule jirani, tukamwaga maji mbele yao kutoka fupi kwenda ndefu. Wapi kuna maji mengi? Mtoto wa miaka mitano anaonyesha ndefu, kila mara, kwa uhakika wa hakimu. Wanafunzi wangu walicheka, wakasema watoto wale hawana akili. Nikawaambia wakirudi likizo wajaribu kwa wadogo zao wa nyumbani. Walirudi wakakiri kwamba hata wadogo zao wameonyesha ndefu. Tangu hapo hakuna aliyemcheka mtoto mbele yangu.

Hata kuku wa Mzee Magesa walikuwa zana. Alikuwa akigonga debe, wanakuja wapate mahindi. Nikawapeleka wanafunzi waone: anagonga debe bila mahindi, kuku wanakuja mbio vilevile. Tulikuwa bado tunaandika pale kuku walipopanga mstari mlangoni kwake na kumkodolea macho, naye akainuka bila kufikiri, akaenda kuchota mahindi. Msichana mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Sasa Mwalimu, nani amemfundisha nani?"

Mzee Magesa alicheka hadi akashika mti wa uzio. Nikageuka kumtazama aliyesema. Ni Nyangeta.

Nyangeta alitoka Bukima, kando ya ziwa. Aliingia kidato cha tano amechelewa wiki sita, wenzake wameshagawana vitanda, madawati na urafiki. Sanduku lake lilikuwa na harufu ya dagaa, na bwenini hilo lilitosha kumpa jina ambalo sitaliandika hapa. Ukimwona Jumatatu ungedhani ni bubu. Lakini Alhamisi saa nane alikuwa mtu mwingine. Anauliza, anabisha, anakaa hadi kengele ya chakula ananihoji kwa nini ndoto zinasahaulika. Mwalimu yeyote anamjua mwanafunzi wa namna hiyo. Unaandaa somo la watu arobaini, lakini moyoni unaliandaa kwa mmoja.

Sasa zana ya nne. Ilikuwemo ndani ya kile kitabu kisicho na jalada. Kila mwanafunzi anaandika majina matatu ya wenzake ambao angependa kukaa nao. Mwalimu anachora miduara, kila mtu mduara wake, halafu mishale kutoka kwa aliyechagua kwenda kwa aliyechaguliwa. Ukimaliza unaliona darasa kama lilivyo: nani nguzo, nani wako kundi moja, nani yuko pembeni. Nikaiita ramani ya marafiki. Niliichora mwenyewe siku mbili, kwenye karatasi ya manila, kwa kalamu za rangi. Badala ya majina nikaweka namba, kila mmoja akijua yake tu. Nilijiona mwerevu sana kwa hizo namba.

Mzee Magesa aliikuta mezani kwangu kabla ya kipindi. Akainama, akaangalia muda mrefu.

"Hii nayo unakwenda kuwaonyesha?"

"Ni namba tu, Mwalimu. Hakuna atakayejua."

"Mimi nina ng'ombe wanne," akasema. "Hata wewe usipoweka majina, wao wanajuana."

Nilidhani ni utani wake wa kila siku. Nikaichukua karatasi nikaenda kuibandika ukutani.

Dakika tano za kwanza zilikuwa nzuri kuliko somo lolote nililowahi kufundisha. Wote walisimama, wakasogea, wakanyoosha vidole. Kisha kijana mmoja akasema, "Kumi na saba hana mshale hata mmoja. Yeye ametoa mitatu, hajarudishiwa."

"Kumi na saba ni nani?"

Wakaanza kuhesabu. Mimi si huyo, mimi nina miwili, wewe je? Watoto wa mchepuo wa sayansi, wawekeeni fumbo la namba halafu mtegemee walishindwe! Walikuwa wanafuta mmojammoja kama wanavyofuta majibu yasiyo sahihi kwenye mtihani. Nikapiga makofi, nikasema basi, kaeni. Kicheko kilikuwa kimeshatoka. Haukuwa ukatili, nasema kweli, kilikuwa kicheko cha watu waliopata jibu. Na mmoja wa waliocheka alikuwa miongoni mwa wale watatu ambao Nyangeta aliwaandika.

Kengele ilipolia alibaki. Nikajua anakuja kuuliza swali kama kawaida yake. Alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma.

"Madamu, hii karatasi itakaa hapa?"

"Hadi Alhamisi ijayo," nikajibu. Nilikuwa nakusanya kalamu zangu. Sikumtazama usoni.

"Sawa, Madamu."

Jumatatu asubuhi matroni alileta taarifa kwamba kitanda kimoja kiko wazi. Nyangeta aliomba ruhusa ya kwenda zahanati Jumamosi, akapitiliza kwao.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Magesa, sikwenda kwa mkuu wa shule. Alikuwa anakamua. Nilimweleza yote huku nimesimama kwenye tope la zizi. Nilitaka anikaripie, ingekuwa nafuu. Hakunikaripia.

"Karatasi ishushe sasa hivi," alisema. "Kesho nenda Bukima. Nenda mwenyewe, usitume barua. Barua mtu anaisoma peke yake."

Nilikwenda. Bodaboda iliniacha karibu na maji, mahali dagaa wameanikwa juu ya nyavu, weupe kama bati jipya. Mama yake Nyangeta alinipokea bila kuuliza nimefuata nini. Mgeni kwanza hulishwa. Akanisongea ugali wa muhogo na mtama, na sato mzima ambaye kichwa chake nililazimishwa kula kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nyangeta alininawisha mikono, akatoka. Nilipomaliza kula nikamfuata. Alikuwa anageuza dagaa kwa reki.

"Nyangeta, nimekuja kukuomba msamaha."

"Usiseme hivyo, Madamu. Wewe ni mkubwa."

"Ukubwa hauzuii kukosa. Nilibandika kitu ambacho hakikustahili kubandikwa. Nimekishusha. Rudi, nitazungumza na darasa zima."

Akaendelea kugeuza dagaa. Halafu akasimama, akaegemea reki, akazungumza akiangalia majini.

"Madamu, wale kutonitaka nilikuwa najua. Tangu wiki ya kwanza nilijua. Haikuwa habari mpya."

"Basi kwa nini ukaondoka?"

"Kwa sababu wewe ulikuwaga hujui." Akaondoa reki kwenye nyavu. "Alhamisi nikija kwako nilikuwa mtu kama mtu mwingine. Ulikuwa unaniona mimi tu, na maswali yangu. Sasa na wewe unajua. Ukinitazama utaanza kunihurumia. Tayari unanihurumia, umekuja hadi hapa."

Nikachukua reki ya pili iliyokuwa imelala mchangani, nikageuza dagaa upande wangu. Tulifanya kazi hiyo hadi nyavu zote zikaisha. Mama yake alituona, akaacha kutuita.

Hakurudi. Alisema ana baba mdogo Bunda, atasoma kule kwa kutwa. Nilichoweza kumsaidia ni karatasi za uhamisho. Nilizifuatilia mwenyewe meza kwa meza hadi zikakamilika kabla muhula haujaisha. Siku ya kuchukua sanduku lake alikuja na mama yake, na mimi nilikuwa darasani na kidato cha pili. Niliwaona dirishani wanapita uwanjani, sanduku liko kichwani kwa mama. Ningeweza kutoka. Nilikuwa katikati ya kueleza mzunguko wa damu, nikajiambia nimalize kwanza. Nilipomaliza walikuwa wameshafika barabarani.

Basi, Bhoke, zana ya nne naitumia bado, na nakushauri uitumie. Lakini ichore nyumbani kwako, kwenye daftari, na asiione mtu mwingine yeyote, hata mkuu wa shule. Ukishaiona, gawa makundi ya kazi kimyakimya ili kila mtoto akae na angalau mmoja aliyemwandika. Usimpe mwenye upweke nafasi ya heshima mbele ya wote ukidhani unamsaidia. Watajua kwa nini. Mpe kazi inayohitaji watu wawili. Halafu usimtazame sana.

Mzee Magesa alistaafu miaka michache baadaye, na mwaka uliofuata tulimzika, mvua ikinyesha, ng'ombe wake wakilia zizini. Mimi nilihamishiwa Bunda, nikapanga nyumba Manyamanyama, nikaendelea na kipindi cha Alhamisi katika shule mpya. Jambo la kwanza nililofanya Bunda lilikuwa kumuulizia Nyangeta. Walimu wa shule aliyosoma walimkumbuka. Alimaliza kidato cha sita, akafaulu, akaondoka. Kwenda wapi hakuna aliyejua. Nikajiambia nitafika Bukima nimuulize mama yake. Sikufika. Kila likizo nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Bunda na Bukima haziko mbali kiasi hicho. Kilichokuwa mbali ni ile siku ya sanduku.

Nimestaafu mwaka huu. Waliniaga kwa pilau na hotuba, wakanipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Nimerudi Nyakato kwenye nyumba ya baba. Siku nyingine naziweza: nafagia, naenda sokoni, nabishana na majirani. Alhamisi ndiyo inayonishinda. Ikikaribia saa nane mikono inatafuta kitu cha kubeba. Nasikia viti vinavutwa, arobaini kwa pamoja, ule mlio ambao kwa miaka yote nilikuwa naukemea, "Nyanyueni viti, msivivute!" Leo ningetoa chochote wavivute.

Alhamisi moja kama hiyo, mwezi uliopita, nilifunga mlango nikaenda Bukima. Mama yake Nyangeta amezeeka, macho yameingia ukungu, ilibidi nijitaje mara mbili. Halafu akanishika mkono wote hadi kwenye kiwiko.

"Mwalimu uliyegeuzaga dagaa!"

Akanieleza. Nyangeta yuko Ukerewe, anafundisha darasa la kwanza. Ana watoto wawili. Anakuja kila Krismasi. Alinipa namba ya simu, imeandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, nami nikainakili kwenye kiganja kwa kuwa nilikuwa nimesahau daftari nyumbani, mimi niliyewachapa watu kwa kosa hilohilo.

Nilipiga siku ya pili, asubuhi, baada ya kuzunguka meza mara kadhaa. Ikaita. Nikasikia sauti za watoto kwanza, wengi, wanahesabu kwa pamoja.

"Haloo?"

"Nyangeta. Mimi ni mwalimu wako wa zamani, wa..."

"Madamu Zuhura. Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, mwanangu. Nimestaafu. Nilitaka tu kukusikia."

Watoto walikuwa wamefika kumi wakaanza tena moja. Nikamsikia anawaambia wapunguze sauti, kwa upole, bila kukemea, na nikajua hata kabla hajarudi kwenye simu kwamba darasa lile liko kwenye mikono mizuri.

"Madamu, niko darasani sasa hivi. Nitakupigia."

"Fundisha, fundisha. Nipigie ukipata nafasi."

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Najua kazi ya darasa la kwanza ilivyo, na mtandao wa visiwani najua ulivyo. Sijampigia tena, zamu ni yake, na safari hii nataka achague mwenyewe. Simu naichaji kila jioni. Nikienda kuchota maji nje naibeba kwenye khanga, na nikiingia kuoga naiegemeza dirishani, sauti nimeiweka juu kabisa.